Kutoka Kodi ya Kibanda Hadi Kodi ya Kifurushi

Bakuli la jiwe la Kisii likiondoka Kenya kwenda kwa mteja wa ng'ambo, serikali yetu hailitozi VAT hata ndururu. Likifika Berlin linatozwa asilimia 19. Likifika Paris, asilimia 20. Stockholm ni 25, Budapest ni 27. Bakuli ni lile lile, limechongwa Tabaka, likasuguliwa kwa msasa na maji hadi likawa laini kama yai. Kilichobadilika ni mlango linakobisha hodi.

Naandika haya kwa sababu ndiyo kazi inayonilisha. Niliacha chuo mwaka wa tatu karo iliponishinda, na tangu hapo naandika maelezo ya bidhaa kwa watu wanaouza mtandaoni. Kwetu ni Sironga, kaunti ya Nyamira, na mteja wangu wa kwanza alikuwa shangazi yangu. Yeye hachongi. Anachukua mabakuli na vinyago Tabaka, upande wa pili wa mji wa Kisii, na ekee, vile vikapu vyetu vya kuwekea ugali wa wimbi, kutoka kwa akina mama wa huku kwetu. Anapiga picha kwa simu, mimi naandika maneno, yeye anafunga kifurushi na kukituma. Wateja wake wengine ni Wagusii wenzetu walioko Minnesota, ambako ndugu zetu wamejaa hadi harusi zinafanyika huko kwa Ekegusii. Wengine ni Wazungu wa Uingereza na Ujerumani.

Siku moja kifurushi kilirudi kutoka Ujerumani. Mteja aliambiwa mlangoni alipe kodi, pamoja na ada ya kampuni ya usafirishaji kwa kazi ya kumlipia hiyo kodi forodhani. Akakataa, na sidhani angelaumiwa, maana alidhani ameshalipa kila kitu. Bakuli lilirudi limepasuka ukingo. Shangazi akaniuliza swali ambalo limenifanya nisome sheria za nchi ambazo sijawahi kuzitembelea: "Mwanangu, kwani kodi ya Wajerumani mimi nailipa kama nani?"

Jibu la haraka ni kwamba mlipaji ni mteja, yeye ni mtu wa kumsaidia tu kulipa. Lakini jibu hilo halitoshi. Ili kumjibu vizuri ilibidi nirudi nyuma zaidi ya miaka mia moja, hadi siku kodi ilipoingia Ugusii.

Kodi ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilihesabu nyumba. Kanuni za kodi ya kibanda zilitangazwa mwaka 1901 katika eneo lililoitwa Himaya ya Afrika Mashariki, na miaka michache baadaye kiwango kilikuwa kimefika rupia 3 kwa kibanda kwa mwaka. Ugusii ilichelewa kufikiwa. Waingereza walituma jeshi mwaka 1905, kisha mwaka 1907 wakafungua kituo pale tunapopaita mji wa Kisii, ambapo wazee hupaita Bosongo, mahali pa Wazungu. Januari 1908 kijana aliyeitwa Otenyo alimchoma mkuki afisa wa wilaya, Northcote, akamjeruhi bila kumuua. Serikali ikajibu kwa kuchoma nyumba na kuchukua ng'ombe kwa maelfu. Baada ya hapo, kulipa kodi hakukuwa jambo la kujadiliwa tena.

Kwa nini kibanda? Kwa sababu hakikimbii. Ng'ombe unaweza kumswaga usiku kwa shemeji. Wimbi unaweza kulificha. Kijana anaweza kwenda zake Kericho. Nyumba iko palepale asubuhi, na karani hahitaji kujua kusoma moyo wa mtu, anahitaji kuhesabu tu mapaa. Mwanamume mwenye wake watatu alikuwa na nyumba tatu, basi alilipa mara tatu. Sehemu nyingi za Kenya watu walijibu kwa kubanana nyumba moja ili idadi ipungue. Sheria ilihesabu mapaa, na watu wakapunguza mapaa.

Lakini serikali yenyewe haikuwa na watu wa kupanda kila mlima ikihesabu. Ikatafuta wa kuhesabu kwa niaba yake. Mwaka 1902 ilitunga sheria ya wakuu wa vijiji, na machifu na wazee wa serikali wakapewa kazi ya kukusanya kodi. Kwa sehemu kubwa Ugusii haukuwa na machifu wa namna hiyo, kwa hiyo waliundwa. Mtu ambaye jana alikuwa jirani, leo alikuwa na daftari. Daftari hilo lilimpa nguvu kuliko fimbo, kwa sababu aliyejua nani amelipa na nani hajalipa ndiye aliyekuwa kijiji kizima mfukoni.

Mambo mawili yanabaki kutoka enzi hizo. Kodi hutafuta kitu kinachohesabika kwa urahisi. Na pale serikali isipoweza kuhesabu, humtafuta mtu wa katikati ahesabu badala yake. Sasa tusogee.

Baada ya uhuru, kitu rahisi kuhesabu kilikuwa kiwanda na bandari. Mwaka 1973 Kenya ilianzisha kodi ya mauzo, na iliwalenga hasa wenye viwanda na waagizaji. Mama wa kuuza mboga Keroka hakuhusika moja kwa moja. Serikali ilikaa kwenye lango la kiwanda, sabuni ikitoka inalipiwa, basi. Mwaka 1990 kodi hiyo ikaondolewa, ikaingia VAT. Wazo lilitoka Ufaransa, ambako afisa wa kodi Maurice Lauré aliisukuma hadi ikaanza mwaka 1954. Ujanja wake ni kwamba kila mtu kwenye mnyororo anatoza kodi anapouza, anakata ile aliyotozwa aliponunua, na anapeleka serikalini tofauti. Hivyo kila mfanyabiashara anakuwa karani wa serikali bila mshahara. Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, KRA, ilikuja mwaka 1995 ikayakuta hayo.

VAT ilikuja na kanuni moja ambayo ndiyo kiini cha swali la shangazi: kodi huliwa pale kitu kinapotumika. Kinachouzwa nje hutoka bila kodi, kinachoingia hutozwa kama cha nyumbani. Ndiyo maana sheria yetu ya VAT ya mwaka 2013 inaweka bidhaa zinazouzwa nje kwenye kiwango sufuri. Na usidhani ni Wazungu tu wanaotufanyia hivyo. Filamu unazolipia kila mwezi kutoka kampuni ya Marekani zinatozwa VAT ya Kenya, kwa sababu mtazamaji yuko Umoja au Rongai. Kanuni ni ile ile, imegeuzwa upande.

Kwenye karatasi hii ni haki tupu. Mjerumani anayenunua bakuli la Kisii analipa kodi sawa na anayenunua bakuli la Kijerumani. Tatizo halikuwa kanuni. Tatizo lilikuwa, nani atahesabu mabakuli?

Kwa miongo mingi jibu lilikuwa: hakuna, achana nayo. Marekani iliweka kwenye sheria zake za forodha mwaka 1938 kwamba kifurushi cha thamani ndogo sana kipite bure, kwa kuwa gharama ya kukitoza ingezidi kodi yenyewe. Ulaya nayo iliruhusu vifurushi visivyozidi euro 22 kuingia bila VAT. Uingereza iliruhusu hadi pauni 15. Haukuwa ukarimu, ilikuwa hesabu ya karani na muda wake.

Wajanja waliona mlango huo. Visiwa vya Channel, kama Jersey, viko karibu kabisa na Uingereza lakini nje ya mfumo wake wa VAT. Maduka makubwa ya CD na DVD yakawa yanatuma muziki kutoka huko, kifurushi kimoja kimoja, kila kimoja chini ya kizingiti. Maduka ya mitaani Uingereza yakalia. Mwaka 2012 serikali ikaviondolea visiwa hivyo msamaha huo. Unaona? Walioharibu msamaha wa wadogo walikuwa wakubwa waliojifanya wadogo.

Marekani hadithi ni ndefu zaidi, kwa sababu kule hakuna VAT ya taifa. Kila jimbo lina kodi yake ya mauzo, na majimbo machache kama Oregon na Montana hayana kabisa. Swali lao lilikuwa kama jimbo linaweza kumlazimisha muuzaji wa jimbo lingine, anayetuma kwa posta, akusanye kodi yake. Mwaka 1967, katika kesi ya kampuni ya Bellas Hess, Mahakama ya Juu ilisema hapana, kama muuzaji hana duka wala mfanyakazi ndani ya jimbo. Mwaka 1992 katika kesi ya Quill ikarudia: lazima muuzaji awe na mguu ndani. Ni mantiki ya kibanda kabisa. Nionyeshe nyumba yako hapa, ndipo nikutoze.

Halafu intaneti ikala maduka. South Dakota ikatunga sheria mwaka 2016 ikijua itashtakiwa, na tarehe 21 Juni 2018, katika kesi dhidi ya kampuni ya Wayfair, mahakama ikageuka kwa kura 5 kwa 4. Nyumba haihitajiki tena. Chini ya sheria ya South Dakota ilitosha kuuza huko bidhaa za zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka, au kufanya mauzo 200. Majimbo mengine yakafuata mbio, Minnesota ikiwemo. Kibanda kilikuwa kimekufa. Sasa kinachohesabika ni anwani ya mnunuzi, kwa sababu kompyuta inaijua kila anwani na haichoki kupanda mlima.

Baada ya hapo vizingiti vilianguka kama miti wakati wa mbao. Australia ilianza Julai 2018 kutoza kodi yake bidhaa ndogo kutoka nje, ingawa iliwaacha wauzaji wasiofikisha dola 75,000 za huko kwa mwaka. Uingereza iliondoa msamaha wa pauni 15 tarehe 1 Januari 2021. Umoja wa Ulaya ukaondoa ule wa euro 22 tarehe 1 Julai mwaka huo huo. Marekani, ambayo tangu 2016 iliruhusu vifurushi vya hadi dola 800 bila ushuru wa forodha, ilisimamisha msamaha huo kwa nchi zote tarehe 29 Agosti 2025. Mashirika mengi ya posta duniani yalisitisha kwa muda kutuma vifurushi kwenda kule, kwa sababu hayakujua nani atakusanya ushuru na kwa njia gani.

Sasa turudi Sironga tuone hii inamgusaje mtu mwenye mabakuli kumi mezani.

Akiuza Uingereza kupitia jukwaa kubwa la mauzo, bakuli la pauni 40, jukwaa linamwongezea mteja pauni 8 za VAT na kuzipeleka lenyewe. Shangazi hahusiki. Lakini akiuza bakuli hilo hilo kwa tovuti yake mwenyewe, kifurushi kikiwa hakizidi pauni 135, sheria inamtaka yeye ajisajili na mamlaka ya kodi ya Uingereza, atoze asilimia 20, awe anawasilisha hesabu. Hakuna kizingiti cha kumwacha. Hata bakuli moja.

Ulaya kuna njia mbili kwa kifurushi kisichozidi euro 150. Njia ya kwanza ni usajili wa pamoja unaoitwa IOSS: unatoza VAT mteja anapolipa, unawasilisha ripoti moja kwa nchi zote za Umoja. Lakini muuzaji wa nje kama yeye kwa kawaida anahitaji wakala aliyeko Ulaya, na wakala hafanyi kazi kwa shukrani. Njia ya pili ni kutofanya chochote na kumwachia mteja alipe mlangoni. Ndiyo njia iliyorudisha bakuli lililopasuka. Piga hesabu: bakuli na usafiri jumla euro 60, VAT ya Ujerumani ni euro 11.40, kisha ada ya msafirishaji juu yake. Mteja anaona ametapeliwa.

Watu wengi huchanganya hapa, kwa hiyo tuweke wazi. Kenya ina mkataba wa biashara na Uingereza tangu 2021, na ule wa Umoja wa Ulaya ulianza kutumika Julai 2024. Mikataba hiyo inaondoa ushuru wa forodha kwa bidhaa zetu zinazotimiza masharti ya asili. VAT haiguswi. Mwanasiasa akisema soko la Ulaya liko wazi bila ushuru, hadanganyi, ila hajakumalizia sentensi.

Minnesota ndiko nafuu. Mauzo yake kule hayakaribii vile vizingiti, kwa hiyo jimbo halimdai. Akipitia jukwaa kubwa, jukwaa ndilo linakusanya, asilimia 6.875 ya jimbo na nyongeza za mitaa. Nguo kule hazitozwi, bakuli linatozwa, kwa hiyo dada aliyeagiza kitenge na bakuli pamoja anaona kodi kwenye kimoja tu. Hayo ni ya kodi ya mauzo. Ushuru wa forodha wa Marekani ni jambo lingine, na tangu Agosti 2025 nao unabisha hodi.

Nyumbani nako kuna lake. Kile kiwango sufuri kinamfaidi aliyesajiliwa VAT, kwa sababu ndiye anayeweza kudai arudishiwe asilimia 16 aliyolipa kwenye makatoni na plastiki ya kufungia. Usajili ni lazima ukifikisha mauzo ya shilingi milioni 5 kwa mwaka. Chini ya hapo unaweza kujisajili kwa hiari, halafu uwe na ankara za eTIMS, hati za forodha za kuthibitisha mzigo umetoka, na ripoti kila mwezi. Mdogo huona ni heri ameze ile asilimia 16 anyamaze. Na mauzo yakipita milioni 1, hadi milioni 25, kuna kodi ya mauzo ghafi ya asilimia 3 tangu Julai 2023, hata kama mteja yuko Munich.

Ukiyaweka yote pamoja, utaona kilichotokea. Intaneti ilikuja na ahadi kwamba itamwondoa dalali. Zamani mchongaji wa Tabaka aliuza kwa mfanyabiashara wa Nairobi au Mombasa, huyo akauza kwa mwagizaji wa Ulaya, na bei ilivimba njiani bila mchongaji kuonja. Tuliambiwa sasa utauza moja kwa moja, wewe na mteja, basi. Kwa miaka kadhaa ilikuwa kweli, na ilikuwa kweli kwa sababu ya vile vizingiti vidogo ambavyo hakuna aliyevizingatia. Vilipoondolewa, kuuza moja kwa moja kukawa kazi ya mtu mwenye mhasibu. Mwenye mhasibu ni jukwaa. Basi jukwaa limekuwa chifu wa enzi zetu: linahesabu kwa niaba ya serikali za watu, linabaki na daftari la wateja, na linachukua asilimia yake. Tofauti ni kwamba chifu huyu unaweza kumhama. Ila ukimhama, unahama na kujisajili mwenyewe London.

Simlaumu Mjerumani kwa kutoza kodi yake. Barabara zake na hospitali zake zinatoka humo. Kizazi chetu kilisoma Mswada wa Fedha wa 2024 mstari kwa mstari, kikautafsiri kwa lugha za nyumbani, kikaingia barabarani hadi ukaondolewa, na watu walikufa kwa ajili hiyo. Tulijifunza kwamba sheria ya kodi si maandishi ya wahasibu peke yao. Nadhani somo hilo lifike pia kwenye sheria za nchi tunakouza, kwa sababu mbunge wa Hungary hataulizwa swali na mtu wa Nyamira.

Nini kifanyike? Naona dawa iko kwenye historia yetu wenyewe. Miaka ya 1930 Ugusii ilikuwa kati ya sehemu za kwanza Kenya ambako Mwafrika aliruhusiwa kulima kahawa, na kahawa hiyo, kisha pareto, ilifika sokoni kupitia vyama vya ushirika. Hakuna mkulima wa magunia mawili aliyekwenda mnadani peke yake. Najua vyama hivyo vimewahi kuchelewesha malipo hadi wazee wakang'oa mibuni. Lakini wazo lilikuwa sawa. Wachongaji hamsini na wasusi hamsini wakiwa muuzaji mmoja kisheria, wanahitaji usajili mmoja Uingereza, namba moja ya IOSS, wakala mmoja, mhasibu mmoja. VAT ya makatoni inarudi. Na daftari la wateja linabaki Kisii.

Hilo ndilo nililomwambia shangazi, kwa maneno machache zaidi. Alinisikiliza akiwa anafunga ekee kwenye plastiki. Kisha akauliza nani atakuwa mweka hazina, na hapo nikajua kwamba amelichukulia kwa uzito.